Majivuno, Kondoo na Ngonjera Zetu

Katika Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert ya mwaka 1951, Majivuno hamshtaki Karama kwa wizi wala kwa uuaji. Kosa la Karama ni kufundisha uanasheria, elimu ambayo nchi ile haikuwa nayo. Ustadi wa waziri yule ni kulipa tendo jema jina la hatari, kisha kuliacha jina lifanye kazi lenyewe.

Sisi wa Mhunze hatuna haja ya kupaa angani iliko Kusadikika ili tuyaone hayo. Hapa wilayani Kishapu, kijana anyemeleaye eneo la mgodi wa almasi wa Mwadui huitwa mbeshi. Simtetei avunjaye sheria. Nasema tu kwamba jina hilo likishatamkwa, ni nadra mtu kuuliza ni mtoto wa nani na nini kilichompeleka huko.

Hata hivyo, naona wahakiki wetu wamemwandama mno msemaji, wakamsahau mwitikiaji. Katika Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya riwaya ya George Orwell, nguruwe ndio wapotoshao amri zilizoandikwa ukutani. Lakini wanaoua mjadala ni kondoo, kwa kurudia mstari mmoja mkutanoni hadi mpinzani anyamaze. Kondoo hawatungi uongo wowote. Wana kibwagizo tu. Na kibwagizo, ndugu washairi, ni mali yetu.

Tafsiri hiyo ilitoka mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, ambalo Mathias Mnyampala alilienezea siasa yake kwa ngonjera. Katika ngonjera za namna hiyo mmoja hajui, mwingine anajua. Hujibizana kwa vina na mizani, na mwishowe asiyejua hukubali. Mnyampala alikuwa fundi hasa, nami namstahi. Lakini tazama jinsi umbo lenyewe linavyomteua mshindi kabla ya ubeti wa kwanza! Karama, pamoja na dhuluma yote ya baraza lile, alipata siku sita za kujitetea. Mpinzani wa ngonjera hupewa beti chache, pamoja na wajibu wa kushindwa.

Wanafunzi wetu bado hughani ngonjera mbele ya mgeni rasmi. Natamani kusikia moja ambamo asiyekubali anashuka jukwaani akiwa bado hajakubali, na vina vyake vimepita vya mwenzake kwa utamu.