Springi ikikatika, anayelipa ni mkulima

Masika iliyopita nilikuwa Lukozi, wilayani Lushoto, nikizungumza na wakulima wa nyanya na kabichi kuhusu bei. Wakati wa kurudi Lushoto mjini tulikuta Canter imeegemea ukingo wa barabara, magurudumu ya nyuma yamekaa upande kana kwamba gari linataka kugeuka lenyewe. Senta bolti ya springi ya kushoto ilikuwa imekatika na ekseli ikarudi nyuma. Juu kulikuwa na matenga ya nyanya. Dereva alikuwa akihangaika kumpata fundi kwa simu, na mwenye nyanya, mama wa makamo, alikuwa amekaa juu ya jiwe hana la kufanya.

Nilimuuliza, mama, hasara hii anaibeba nani? Akanitazama kama niliyeuliza jua linachomoza upande gani. "Mimi, mwanangu. Gari likipona litapakia mzigo mwingine. Nyanya zangu hazitapona."

Sisi wachumi wa kilimo tunaandika sana kuhusu mbegu, mbolea na mikopo. Springi tunawaachia mafundi wa gereji. Nadhani tunakosea, kwa sababu katika milima ya Usambara springi ni pembejeo kama zilivyo pembejeo nyingine.

Chukulia mfano wa matenga 80, kila moja lina thamani ya sh 20,000. Mzigo wote ni sh 1,600,000. Gari likilala njiani usiku mmoja na mnunuzi wa Dar es Salaam akakata sh 5,000 kwa kila tenga kwa kuwa nyanya zimelainika, zimepotea sh 400,000. Kwa upande mwingine, senta bolti ni spea ambayo siku ya bei nzuri haifikii bei ya tenga moja.

Na senta bolti haikatiki kwa bahati mbaya. Kazi ya kuibana springi kwenye ekseli ni ya yubolti. Senta bolti inazishika tu bapa za springi zikae mahali pake. Yubolti zikilegea, bapa zinaanza kucheza, na uzito wote wa kona na breki unaiangukia bolti moja nyembamba. Isipokatika yenyewe, bapa litapasuka palepale kwenye tundu lake. Ndiyo maana fundi makini akishafunga springi humwambia mwenye gari arudi baada ya safari chache za mzigo ili yubolti zikazwe upya. Wangapi wanarudi? Nimeuliza madereva wengi wa Lushoto na Korogwe swali hilo, na jibu la kawaida ni kicheko.

Badala yake wanaongeza bapa. Gari likionekana kuinama, mwenye gari anaagiza bapa moja au mawili zaidi ili libebe tani ambazo mtengenezaji hakuzikusudia. Kwa macho gari limesimama vizuri, lakini springi ngumu haimezi mtikisiko, inaupitisha. Ukipanda juu unaingia kwenye chasisi, ambayo nayo huanza kupasuka karibu na vishikio vya springi, kisha unaingia kwenye nyanya. Mkulima anapoambiwa Kariakoo kwamba nyanya zake zimepondeka, mara nyingi analaumu matenga.

Jambo la pili ni kulichomelea bapa lililokatika. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo. Moto wa kuchomelea unaivuruga kazi hiyo, na bapa hukatika tena pembeni ya mshono, pengine safari ileile. Bapa la mtumba lililo zima lina nafuu kuliko jipya lililochomelewa.

Halafu kuna wanaomwaga oili chafu kwenye springi ili zisipige kelele. Oili hiyo inakamata mchanga na kulainisha bushi za raba mpaka zinavimba na kuoza. Pini zenye nipeli zinahitaji grisi, tena ipigwe mpaka ile ya zamani itoke na tope lake. Masika kazi hiyo ifanyike mara nyingi zaidi, kwa sababu kila korongo linalovukwa linaingiza maji na mchanga. Shokomzoba linalovuja oili nalo si la kufumbia macho: likifa, springi inabaki ikirukaruka bila wa kuituliza, na hapo ndipo bapa huvunjika.

Ukanda wa pwani una adui mwingine. Magari yanayobeba nazi na samaki upande wa Pangani na Kigombe hupata chumvi, nayo hula chuma katikati ya bapa, mahali jicho halifiki. Kuosha chini ya gari kwa maji baridi baada ya kazi za ufukweni ni gharama ya ndoo chache. Sijui kwa nini tunaosha bodi ing'ae na kuiacha springi.

Wenye magari watasema tatizo ni barabara. Ni kweli, na TARURA, iliyopewa barabara za vijijini na mijini mwaka 2017, ina deni kubwa kwa wakulima wa Usambara. Lakini majaribio yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kuwa uzito wa ekseli ukizidishwa mara mbili, uharibifu wa barabara huongezeka kwa kadiri ya mara 16. Lori lililoongezewa bapa ili libebe zaidi ndilo linalochimba shimo litakalolivunja mwezi ujao.

Mzizi wa yote ni malipo. Nauli ya mzigo hulipwa kwa tenga, kwa hiyo kila tenga la ziada ni faida ya mwenye gari, na gari likikwama hasara ni ya mkulima. Napendekeza vikundi vya wakulima na AMCOS viache kukodi gari kwa kuangalia nauli peke yake. Mkataba utaje idadi ya juu ya matenga, na useme kwamba gari likikwama kwa ubovu wa springi, nauli inakatwa kwa kila saa ya kuchelewa. Gari lenye daftari la gereji linaloonyesha lini yubolti zilikazwa na grisi ikapigwa, lipewe mzigo kwanza, hata kama nauli yake imezidi kidogo.

Mama yule wa Lukozi aliuza nyanya zake siku ileile, barabarani, kwa mchuuzi aliyepita na pikapu. Sikuthubutu kumuuliza bei.