Minara inapoingiliana

Simu inaonyesha mtandao umejaa, lakini malipo hayaendi. Wengi hudhani minara haitoshi. Pengine tatizo ni kuingiliana kwa mawimbi.

Enzi za 2G, minara jirani iligawiwa masafa tofauti. Katika 4G, kwa kawaida masafa yaleyale hutumika kila mnara, hivyo simu iliyo katikati ya minara miwili huisikia yote kwa pamoja, kama mtu aliyebanwa kati ya spika mbili za Kariakoo. Kuongeza nguvu ya mnara mmoja humwumiza jirani. Dawa ni kuinamisha antena, kupunguza nguvu na kuifanya minara ipeane zamu.

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ipime huduma pale mipakani mwa minara, saa za msongamano. Nawe msomaji, usifunge kikuza mawimbi kisichoidhinishwa: kinauharibia mtaa mzima.