Udhaifu Hauko Kwenye Uzi

Mwandishi wa makala ya kusifu mirija-nano ya kaboni anatuaminisha kwamba nyuzi za kaboni zikipakwa mirija hiyo, bawa la ndege litakuwa imara maradufu. Kakosea mahali pa kutibu. Uzi wa aina ya T700 tayari unahimili mvuto wa megapaskali 4,900; rezini inayoushika kwa kawaida haifiki 100. Bawa likigongwa, tabaka zake za nyuzi na rezini hubanduka huku nyuzi zikiwa nzima. Kazi ya mirija ni kuumanisha uzi na rezini, au tabaka na tabaka, kama timu ya Brian Wardle wa MIT, Marekani, ilivyofanya kwa kuisimamisha wima katikati ya tabaka. Faida ipo, lakini si ya kila kitu.

Na gharama hakuitaja. Kuotesha mirija juu ya uzi wenyewe huhitaji kichocheo, mara nyingi chuma, pamoja na joto la mamia ya digrii. Bila uangalifu, chuma hicho huutafuna uzi. Anayetaka tumwamini atuoneshe vipimo viwili kwa pamoja: mshikamano uliopatikana na nguvu ya uzi iliyopotea. Kutoa kimoja tu ni kuficha nusu ya hesabu.