Matone Hayazibui Mkojo wa Paka

Aliyeandika kwamba matone ya kranberi ni kinga tosha dhidi ya matatizo ya mkojo ya paka ametupotosha. Matone hayo hunadiwa eti huzuia bakteria wasing'ang'anie kibofu. Paka wengi wenye umri chini ya miaka 10 wanaokojoa kwa shida hawana maambukizi ya bakteria. Sasa matone yanapigana na nani? Na kama shida ni mawe ya kibofu, ya struvaiti huyeyushwa kwa chakula maalumu. Ya kalsiamu oksaleti hayayeyuki. Kumwongezea paka maji, nakubali. Lakini dume anayejikamua bila kutoa mkojo, potasiamu humpanda damuni na moyo unaweza kusimama ndani ya siku chache. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii; chupa iache nyumbani.