Mnalisha Tumbili Leo, Kesho Mnatafuta Sumu

Wasee, wacha niseme hii maneno wazi: tumbili wa mtaa wenu hana shida. Shida ni sisi watu.

Kila wiki naona video zilezile. Leo mtu anamrushia tumbili mkate dirishani, anacheka, anahesabu laiki. Kesho tumbili akiingia jikoni na kubeba ndizi, mtu huyohuyo anauliza kwa grupu ya ploti sumu inauzwa wapi. Buda, si ni wewe ulimfundisha binadamu ni chakula cha bure?

Sasa skizeni. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haijali kama tumbili yuko msitu wa Karura ama juu ya tangi lako la maji. Kumuua bila ruhusa ni kosa. Akikuzidi, pigia KWS, si yule jamaa wa manati.

Na sumu haina macho. Mkate uliotega kwa ukuta utaliwa na paka wa jirani, na mtoto wa miaka mitatu pia huokota mkate. Huko mbugani, watu wamewekea simba sumu kwa mizoga, na tai wakafa pamoja nao.

"Basi tuwashike tuwatupe mbali." Hiyo pia si kazi yako, na haisaidii. Ukiondoa kundi moja na pipa libaki wazi, kundi lingine litahamia. Umebadilisha wapangaji tu.

Najua hasara ni ya kweli. Mama mboga akinyang'anywa ndizi kibandani, hakuna mtu anamrudishia pesa. Ndio maana nawakasirikia nyinyi wa video: laiki ni zako, bili analipa yeye.

Dawa yenyewe ni rahisi na haina damu. Funga pipa kwa mfuniko ambao hauinuliki. Weka wavu wa waya dirishani. Kata matawi yanayogusa paa. Usiache matunda mezani. Na usimlishe, hata kidogo, hata kama amebeba mtoto kifuani na anakuangalia kwa huruma.

Mkikutana uso kwa uso, usimkodolee macho wala kumwonyesha meno, kwake huo ni ugomvi. Rudi nyuma polepole, umwachie njia ya kutokea. Akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, karibu hakuna anayepona.

Kwa sisi wa kontenti: unataka video ya tumbili? Jirekodi ukifunga pipa lako. Hiyo nitaisambaza mwenyewe. Ile ya mkate dirishani, nitaendelea kuiripoti.