Panya Asiye na Tundu



Vidio hizo mnazijua, maana huzunguka katika simu zenu. Sanduku la kioo, taa juu yake, chatu amejikunja pembeni. Mkono wa mtu unamshusha panya mweupe aliye hai, ukimshika mkia. Panya ananusa kioo, anasimama kwa miguu ya nyuma, anazunguka mara mbili tatu. Kisha mnasikia kicheko cha watazamaji. Nyingi hupigwa Marekani na Ulaya, katika nyumba ambamo nyoka hufugwa kama sisi tufugavyo paka. Nasi huku tunazitazama, na tukiulizwa kwa nini, jibu ni moja: “Si ndiyo asili? Nyoka hula panya.”

Jibu hilo nalikataa.

Twende kwanza mahali ambapo asili bado ina nafasi. Nyoka anayefugwa sana katika masanduku hayo ni chatu mdogo ambaye Wafaransa humwita chatu wa kifalme. Wataalamu humwita Python regius. Kwao ni Afrika, hasa ya Magharibi, na kwa miaka mingi Ghana, Togo na Benin zimemuuza ng’ambo kwa maelfu. Mjini Ouidah, nchini Benin, chatu hao wana hekalu lao, linalotazamana na basilika ya Kanisa letu. Sisi hatumwabudu nyoka, na hilo halihitaji mahubiri. Lakini tazameni jinsi chatu wa Ouidah wanavyokula: hufunguliwa usiku wakajitafutie panya mjini, na mwenyeji anayemkuta mmoja nyumbani mwake humrudisha hekaluni kwa upole. Panya wa Ouidah ana tundu, ana giza, ana ukuta wa kupandia. Anaweza kuokoka, na chatu anaweza kulala njaa. Hiyo ndiyo asili. Ndani ya kioo hakuna tundu, na aliyeliondoa si nyoka wala si Muumba. Ni mwenye sanduku, kisha anatuambia kwamba yeye anatazama tu.

Wala hakuna lazima. Chatu wa kufugwa hula panya aliyekwisha kufa. Maduka ya huko huuza panya waliogandishwa, wamepangwa kwa ukubwa, tangu wachanga wasio na manyoya hadi wakubwa. Mfugaji humyeyusha panya, humpasha katika maji ya moto hadi apate joto la mwili, kwa maana chatu ana vishimo mdomoni vinavyohisi joto; kisha humtikisa mbele yake kwa koleo ndefu. Chatu hurusha kichwa, hukamata, hubana, humeza. Wapo wanaokaidi, hasa waliozoeshwa mawindo hai, nao hutaka subira. Lakini chatu mzima mwenye afya huweza kukaa miezi bila kula. Uswisi, kwa kanuni zake za mwaka 2008 za kuwalinda wanyama, hairuhusu mnyama kama huyu apewe windo hai ila katika hali chache, kwa mfano pale anaposhindwa kabisa kulishwa kwa njia nyingine, au anapoandaliwa kurudishwa porini.

Na nyoka mwenyewe hudhurika. Panya mkubwa akiachwa usiku kucha pamoja na chatu asiye na njaa, humtafuna. Waganga wa wanyama wanavijua vidonda hivyo: nyama ya mgongo imeliwa hadi mifupa inaonekana. Anayesema anampenda nyoka wake ajibu na hilo.

Mtaniambia kwamba kifo ni cha haraka. Mbano wenyewe ni wa haraka kweli: mwaka 2015 watafiti wa Marekani walionyesha, kwa kuwapima panya waliobanwa na nyoka aitwaye boa, kwamba mtiririko wa damu huvurugika katika sekunde chache. Lakini mateso hayangoji mbano. Panya mkubwa mwenye hofu hutoa mlio wa mitetemo kama 22,000 kwa sekunde, na sikio la mtu hukoma kwenye 20,000 hivi. Kwa hiyo mcheshi mbele ya sanduku husema, “Ona, hata halii.” Pengine analia muda wote huo.

Nyuma ya sanduku kuna chumba ambacho vidio hizo hazikionyeshi. Humo panya hufugwa katika trei za plastiki zilizopangwa kama droo za kabati, na waya juu yake. Panya mdogo hubeba mimba siku 20 hivi, naye aweza kushika mimba nyingine siku ileile aliyozaa. Chatu huishi miaka 20 na zaidi. Akila panya mmoja kila wiki mbili, ni panya 520 kwa miaka 20, kwa ajili ya nyoka mmoja ambaye hakuna aliyelazimika kumfuga. Hapa sitawapamba wale wanaonunua panya waliogandishwa: naye aliuawa. Tofauti ni kwamba aweza kuuawa vema, kwa mkono uliofundishwa au kwa gesi iliyopimwa, badala ya kutiwa akiwa hai katika friza, jambo ambalo chama cha waganga wa wanyama wa Marekani hulikataa. Asiyeweza kuhakikisha hata hilo, asinunue nyoka.

Kijana wa Kivu ataniuliza: “Mwalimu, nasi tunafuga kobayi jikoni na kuwachinja. Na mtego wa panya je?” Swali zuri. Mtego hulinda mahindi ya familia. Kobayi huliwa na watoto ambao nyama ya ng’ombe hawaioni, na samadi yake huenda shambani. Kisu hupita mara moja. Sijaona nyumba inayowaita majirani waje kucheka jinsi kobayi anavyotafuta mlango. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2417 na 2418, huruhusu tuwatumie wanyama kwa chakula. Inapokataza kuwatesa bila sababu, hutaja hadhi ya mwanadamu. Inamtazama mwenye mkono uliomshika mkia, na inawatazama wenye kicheko.

Kucheka si lazima. Bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya nyoka mwaka 1849, na humo walilishwa sungura na ndege wakiwa hai. Mwandishi Charles Dickens, ambaye hakuwa mtakatifu, aliona tendo hilo siku moja kwa bahati tu, akamwandikia rafiki yake kwamba picha ile ilikataa kumtoka akilini.

Basi msiniambie kwamba jambo hili ni la Wazungu. Watengenezaji wengi wa vidio hizo hulipwa na matangazo ya biashara, na malipo hufuata hesabu ya watazamaji. Hesabu hiyo haibagui Goma, Bukavu wala Lubumbashi. Mmetazama mara tatu, mkawapelekea wenzenu ishirini wa kikundi. Nanyi mmechangia bei ya panya wa wiki ijayo.