Aachiwe Mfuko Wake

Sisi wanachama tunaofuga tarantula hapa Lusail tuna ubishi usiokwisha: jike akishataga, aachiwe mfuko wake wa mayai au anyang'anywe? Wengi hunyang'anya mapema, wakihofia kwamba ataula. Tunasema wanakosea.

Mwaka jana nasi tulinyang'anya. Jike wetu ni Pterinochilus murinus, mwenyeji wa Kenya na Tanzania, mkali kama pilipili. Mfuko tuliuweka kwenye kopo sebuleni. Nje joto limepita nyuzi 40, kiyoyozi kinanguruma usiku na mchana, na hewa yake ni kavu. Baada ya wiki mbili tuliufungua: mayai yalikuwa yamenyauka kama dengu za mwaka juzi.

Mama wa tarantula wengi huugeuzageuza mfuko ili mayai ya chini yasibanwe, na huuhamishia penye joto na unyevu unaofaa. Akiula, mara nyingi ni sisi tuliomsumbua kwa tochi za simu na picha za kutuma nyumbani. (Shangazi zetu wa Mombasa wakisikia tunafuga buibui, huuliza kama tumefungua duka la nguo.)

Basi chombo kifunikwe kitambaa, udongo upande mmoja uloweshwe kidogo, maji yasikauke kisahanini. Mwenye haraka asubiri siku kama 30, kisha autoe kwa koleo ndefu, mama akiwa amefunikwa kikombe.

Jike wetu ametaga tena. Leo ni siku ya 19, na kitambaa hatujakifunua.